Kutembea hadi kwenye maji moto: ukitokea Dodoma, uchague chemchemi ipi?

Mtu aliyetembea siku kadhaa na begi mgongoni, jioni haulizi kitanda kwanza. Anauliza maji ya moto. Mapaja yamekaza, nyayo zinawaka, vumbi limeingia hadi masikioni. Ndoo ya maji ya uvuguvugu atakayopewa na mwenyeji ni ukarimu mkubwa, lakini maji ya kujimwagia hayafiki kwenye misuli. Kinachofika ni kukaa ndani ya maji hadi mabegani, ukatulia. Nasi huku katikati ya nchi, ambako watu hufuata hata maji ya kunywa kwa kuchimba mchanga wa korongo, maji ya namna hiyo tunayo. Yanatoka ardhini yenyewe, usiku na mchana, kiangazi na masika.

Marekani kuna njia ya miguu iitwayo Pacific Crest Trail, takriban kilomita 4,270 kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada. Kusini mwa California njia hiyo inapita kando kabisa ya chemchemi za Deep Creek: mtembeaji anatua mzigo, anaingia majini, anatoka, anaendelea. Sisi hatuna njia ndefu yenye alama inayokupeleka hivyo. Huku unachagua chemchemi kwanza, kisha unaijengea safari. Ukikosea kuchagua unaweza kutembea kutwa nzima ukafika kwenye maji yanayounguza, au kwenye hifadhi ambayo askari hatakuruhusu hata kuvua viatu. Ndiyo sababu ninalinganisha hapa maeneo matano ambayo mtu wa Dodoma anaweza kuyafikia, na ninasema wazi ningeenda wapi.

Joto la jichoni si joto la kuogea

Watu wakisifia chemchemi hutaja jinsi inavyochemka jichoni, yaani pale maji yanapotokea ardhini. Kwa mtembeaji sifa hiyo haisaidii. Mwili wetu una nyuzi 37. Maji ya nyuzi 38 hadi 40 ndiyo yanayolegeza misuli bila kuuchosha moyo. Yakifika nyuzi 43 au 44 wengi wanaanza kusikia maumivu. Yakifika 60 yanaunguza ngozi kwa kina ndani ya sekunde chache tu, na mguu ukishateleza huna muda wa kuutoa. Kwa hiyo la kuuliza ni hili: maji yakitoka jichoni yanaelekea wapi, na ni wapi yanapoa kiasi cha mtu kukaa? Chemchemi yenye jicho kali na kijito kirefu ni bora kuliko yenye jicho la wastani lililozungukwa na tope la ng'ombe.

Joto lenyewe linatoka wapi? Si lazima pawe na volkano. Mvua inazama kwenye mipasuko ya miamba, inashuka kilomita moja, mbili au zaidi, na kwa kawaida ardhi huongeza nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kushuka. Maji yakipata mpasuko wa kupandia haraka, yanafika juu yakiwa bado na moto wake. Dodoma na Singida zimekaa pale ambapo Bonde la Ufa linakutana na miamba ya kale sana ya katikati ya Tanzania, nalo likagawanyika na kufifia. Mipasuko hiyo ndiyo inayotuletea pia matetemeko, kama lile la Novemba 2002 lililoitikisa Dodoma.

Kondoa, Manyoni na Singida: maji ya nyumbani

Gonga upande wa Kondoa, Hika upande wa Manyoni, Mponde upande wa Singida. Wasafiri wachache wanayajua majina haya, ila wanajiolojia wanayajua vizuri, na yamo kwenye maandishi yao tangu miaka ya 1960. Kilichowavuta ni gesi inayopanda pamoja na maji. Sehemu kubwa ni naitrojeni, na ndani yake mna heliamu, ile inayopoza mashine za kupigia picha za ndani ya mwili hospitalini. Tangazo la mwaka 2016 kuhusu heliamu ya bonde la Rukwa lilipozunguka dunia nzima, wanaozijua chemchemi zetu hawakushangaa sana.

Gesi hiyo ina jambo la kumfaa muogaji. Ukichuchumaa kando ya jicho utaona mapovu yakipanda moja moja, kisha kwa mafungu, kama uji unaokaribia kuiva. Mgeni anarudi nyuma akidhani maji yanachemka. Hayachemki, ni gesi inapita. Usihukumu joto kwa macho. Chovya kiwiko cha mkono kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto, na kama kiwiko kinavumilia huku ukihesabu polepole hadi thelathini, hapo mwili utakaa. Kipimajoto kidogo cha jikoni ni bora zaidi, na uzito wake kwenye begi hauzidi wa kijiko.

Faida kubwa ya upande huu ni safari yenyewe. Barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa ilizinduliwa mwaka 2018, hivyo kufika mwanzo wa matembezi si kazi tena: basi la asubuhi, na mchana uko Kondoa. Baada ya hapo ni milima ya Irangi. Kuna makorongo mekundu yaliyochimbwa na mmomonyoko, mito ya mchanga mweupe unayovuka bila kulowana, na miti iliyorudi baada ya mradi wa kuhifadhi udongo wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza mwaka 1973 na kufikia hatua ya kuondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi mwaka 1979. Ukiiangalia Kondoa ya leo ukakumbuka hilo, unatembea kwa heshima. Kolo, njiani hapo hapo, ndiko kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huingii kwenye michoro peke yako. Unapita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unalipa, unapewa kiongozi, na mara nyingi kiongozi huyo ni mtu wa eneo hilo anayejua pia maji yalipo.

Upande wa Manyoni sura inabadilika. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1905 na 1914, inatoka kwenye tambarare ya Bahi na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda. Kutembea chini ya ukingo huo, mibuyu mkono huu na ngome ya mawe mkono ule, kuna ukubwa ambao sijauona kwingine katikati ya nchi. Ubaya wake ni udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha kiatu kinabeba tope kilo mbili kila hatua.

Sasa kasoro. Hakuna chumba cha kubadilishia nguo, hakuna ngazi, hakuna mtu wa kukuuliza tiketi. Dimbwi linaweza kuwa dogo kiasi cha watu watatu. Ng'ombe wanakunywa hapo, kina mama wanafua hapo, na pengine wazee wanapaheshimu kwa sababu ambazo hawatakueleza siku ya kwanza. Kwa hiyo unaanzia ofisi ya kijiji, kwa mtendaji au mwenyekiti, hata kama umechoka na maji unayaona kwa mbali. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmetoka wapi na mizigo yote hiyo?"

"Tumetembea kutoka Kondoa, babu. Tunaomba ruhusa tuoge kwenye maji moto, kama hakuna ubaya."

"Ubaya haupo. Ngojeni kina mama wamalize kufua, halafu kijana huyu atawapeleka. Sabuni msiingie nayo kwenye jicho, ogeeni chini."

Hiyo sabuni ni jambo la kushika. Kunakotoka maji ndiko wanakochota wengine. Na mavazi ni yale yale ya mtoni: wanaume kaptula, wanawake kanga au dera. Hata kama umeona picha za nchi nyingine watu wakikaa uchi majini, usijaribu.

Songwe, Mbeya: moto wa kweli

Kwa mtu anayetaka joto kali, Songwe haina mpinzani kati ya hizi. Maji yanatoka yakiwa yamezidi nyuzi 70 kando ya mto Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yanapopoa na kupoteza gesi, chokaa inaganda, na kwa muda mrefu imejenga ngazi na kuta nyeupe zenye michirizi ya manjano na kijani pale mwani unapoota. Ukipitisha kidole juu ya ukingo wa ngazi moja unahisi vipele vidogo vigumu, tabaka juu ya tabaka. Jiwe hilo ndilo wenyeji wanalolichimba na kuliita marumaru. Karibu yake kuna pango la popo ambalo wengi wanaoenda Songwe hulipitia.

Kuoga hapa kunahitaji akili. Machoni hapaogeki kabisa. Mahali pa kukaa hupatikana chini, ambapo mkondo wa moto unachanganyika na maji baridi ya mto, na mahali hapo huhama kadiri mto unavyojaa au kupungua. Bila mwenyeji usijipangie. Ardhi nyeupe inayoonekana ngumu inaweza kuwa gamba jembamba juu ya maji yanayounguza, kwa hiyo tembea pale penye nyayo za watu.

Kimatembezi, Songwe ni tuzo ya mwisho. Unapanda Mlima Mbeya, zaidi ya mita 2,800, au Rungwe unaokaribia mita 3,000, au unazunguka ziwa la kreta la Ngozi, kisha unashuka kuja kulegeza miguu. Baridi ya Juni huko juu inafanya maji moto yawe na maana ambayo hayana kamwe Dodoma mwezi Novemba. Umbali ndio unaokatisha tamaa: kutoka Dodoma kupitia Mtera na Iringa ni takriban kilomita 600 za basi. Na eneo zima la Mbeya linaangaliwa kwa nishati. Kampuni ya umma ya jotoardhi, TGDC, iliyoanzishwa mwaka 2013, ina miradi Ngozi na Songwe. Kabla ya kwenda uliza mjini Mbeya kama kuna sehemu zilizozuiwa kwa kazi zao.

Kikuletwa, karibu na Boma Ng'ombe

Hii ndiyo inayopigwa picha kuliko zote: maji ya samawati yaliyo angavu hadi mizizi ya mikuyu inaonekana chini, samaki wadogo wanaodonoa vidole vya miguu, kamba ya kurukia. Wengi wanaiita Maji Moto au Chemka, na hapo ndipo mtu wa matembezi anadanganyika. Maji yake si ya moto. Ni ya kuburudisha, kama bwawa la kuogelea lililopigwa na jua asubuhi. Kama umetoka kupanda mlima ukitaka joto, hutalipata. Kama umetembea tambarare za Hai kwenye jua la Februari, hutapata mahali pazuri zaidi. Kuna kiingilio, kuna chakula, kuna watu wengi siku za Jumamosi na Jumapili, na maji ni ya kina, hivyo asiyejua kuogelea akae na boya. Familia na watoto ningewapeleka hapa bila kusita. Mtembeaji kutoka Dodoma ningemwambia apite tu kama tayari ana safari ya Kilimanjaro.

Manyara na Natron

Maji Moto ya Hifadhi ya Ziwa Manyara ni ya kutazama. Yanazidi nyuzi 60, kuna njia ya mbao ya kusimama juu yake, na hifadhini hutembei bila askari. Kwenye fukwe za Ziwa Natron kuna chemchemi nyingine, lakini maji ya huko yana magadi, na magadi kwenye malengelenge yaliyopasuka ni mateso. Nenda kwa ajili ya heroe na volkano ya Ol Doinyo Lengai, ukaoge kwenye maporomoko ya Ngare Sero, ambayo ni baridi na safi.

Nyerere na Kisaki

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019 ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ina chemchemi za moto karibu na ziwa Tagalala, na hapa wageni huruhusiwa kuoga. Maji yanateremka kwa madimbwi: la juu ni kali mno, ya chini yanavumilika, na harufu ya kiberiti inakupokea kabla hujafika. Kwa mpangilio wa maji tu, hii ndiyo chemchemi iliyojengeka vizuri kuliko zote nilizotaja, maana unashuka dimbwi moja moja hadi upate lako.

Ila huwezi kwenda peke yako kwa miguu. Kuna simba, viboko na mamba. Matembezi ni ya kupangwa na askari mwenye silaha, pamoja na ada za hifadhi, gari na kambi, na kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei. Kwa kundi la marafiki wanaochanga, linawezekana. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 inakushusha Morogoro haraka, kisha kuna barabara ya vumbi na mawe kupitia Matombo kwenda Kisaki, pembeni mwa Uluguru. Kisaki nayo ina maji yake ya moto, nje ya hifadhi, na reli ya TAZARA inapita hapo. Mtu mwenye siku chache anayetaka milima ya Uluguru juu na maji moto chini, bila gharama za hifadhi, aiangalie Kisaki kwa makini.

Afya, maana hili halina mzaha

Maji ya uvuguvugu yasiyotibiwa yanaweza kuwa na amiba iitwayo Naegleria fowleri, inayoingia kwa njia ya pua na kushambulia ubongo. Ugonjwa wake ni nadra sana duniani, lakini anayeupata kwa kawaida haponi. Kinga yake ni rahisi: usizamishe kichwa, usirushe maji puani, usichokonoe matope ya chini. Kuyaloweka mabega kunatosha.

Kichocho ni hatari ya kawaida zaidi kwetu. Konokono wake hawaishi kwenye maji ya moto sana, ila wanaishi kwenye maji yaliyotulia na yenye majani, yaani kule kijito kinakopoa na kutuama. Kaa mahali maji yanapokwenda, si mahali yanapolala.

Usiyanywe. Chemchemi nyingi za Bonde la Ufa zina floraidi nyingi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia Singida, Manyara na Arusha. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakupunguzi floraidi, kunaiongeza kwa sababu maji yanapungua yenyewe yakibaki na madini yale yale. Beba maji yako ya kunywa, na unywe nusu lita kabla ya kuingia: umeshatoka jasho kutwa nzima, na joto litakutoa jasho zaidi bila wewe kujua. Dakika kumi na tano zinatosha. Toka, kaa chini kwanza, kisha simama. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo au presha wapime kwa daktari kabla ya safari. Malengelenge yaliyopasuka yabaki nje ya maji, hata kama itabidi uweke miguu juu ya jiwe na kuloweka mwili uliobaki.

Mwezi unaoamua

Dodoma mvua huanza Desemba na kuisha Aprili. Makorongo ya mchanga ambayo Julai ni barabara yako, Januari yanaweza kushuka na ukuta wa maji ilhali juu yako anga ni jeupe, kwa sababu mvua imenyesha mbali. Oktoba na Novemba ni joto mno, na hakuna anayefurahia maji ya nyuzi 39 wakati hewa ina zaidi ya 30. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti ndio wakati wenyewe: njia zimekauka, mchana unatembeka, na usiku kunapoa hadi nyuzi 13 au 14, kiasi kwamba mvuke unaonekana juu ya maji alfajiri.

Basi ukiniuliza mimi: kwa anayetaka kutembea kwanza na kuoga baadaye, Kondoa, mwezi Juni au Julai, akipitia Kolo. Kwa anayetaka milima mirefu na joto kali la maji mwishoni, Songwe, miezi hiyo hiyo, akiwa na wiki nzima. Manyoni ningeiweka kwa wale ambao tayari wamezoea kulala porini na kuzungumza na vijiji, maana ndiko kuna upweke mkubwa na msaada mchache. Nyerere kwa kundi lenye mchango. Kikuletwa kwa watoto.

Popote utakapochagua, panga ufike kijijini kabla ya saa kumi jioni. Mtendaji bado yupo ofisini, kina mama wanamaliza kufua, na mwanga unatosha kuona maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi kabla hujavua viatu.